Suplea wa depite au konseye wa komine? Jibu kwa Mama Prezida wa Katuba

Swali: "Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza unga na samaki kavu, na wamama wenzangu wa sokoni walinichagua kuwa prezida wa shirika letu. Sasa chama kimoja kimekuja kunitafuta: wanataka niwe suplea wa pili wa mzee mmoja anayejitayarisha kugombea udepite wa jimbo mwaka 2028. Mume wangu hana neno, lakini shemeji zangu wananicheka. Wanasema katika siasa mwanamke hapandi, anabebwa. Wananionyesha Mama Suminwa, Mama Samia, hata Mama Fifi wa Kolwezi. Je, wana haki? Na ile nafasi niikubali ao niikatae?"

Mama Prezida, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalongojewa jibu huko chamani. Nafasi ya suplea wa pili usiikubali. Wangekupa ya suplea wa kwanza ningekuambia tukae tufikirie. Ya pili haina la kufikiria.

Sheria yetu ya uchaguzi inampa kila mgombea udepite (ubunge) wasuplea wawili, yaani watu wa akiba wa kushika nafasi yake. Depite akifariki, akijiuzulu au akipewa kazi isiyopatana na udepite, kama uwaziri, suplea wa kwanza ndiye anayeingia bungeni. Wa pili anangoja wa kwanza naye aondoke. Hapo zamani suplea akishaingia, ameingia. Lakini Katiba ilirekebishwa Januari 2011, na tangu hapo kifungu cha 110 kinasema kwamba depite anayeteuliwa waziri mamlaka yake yanasimama tu kwa muda. Siku akitoka serikalini anarudi bungeni moja kwa moja. Kifungu hicho kinayahusu pia mabunge ya majimbo. Kwa hiyo hata bahati ikikuangukia mara mbili, utakuwa umekalia kiti cha mtu aliyeko safarini. Utambana gavana gani kwa maswali, ukijua mwenye kiti anaweza kurudi kesho asubuhi?

Kuna na jambo ambalo sheria hailisemi, ila kila mtu aliyepita kwenye kampeni za hapa analijua. Wagombea wetu wana desturi ya kuwaweka wake zao, watoto wao na ndugu zao kuwa wasuplea, ili kiti kisitoke nyumbani. Wewe si ndugu wa huyo mzee. Kama amefika mpaka kwako, ni kwamba kuna kitu unacho ambacho ndugu zake hawana, na kitu hicho ni soko. Atataka uwaambie wamama wako wavae kitenge chenye picha yake, waimbe jina lake, siku ya kura waende mapema. Kisha matokeo yatatoka, na kura zote zitaandikwa kwa jina la nani? Mwaka 2033 chama kitakapokaa kutengeneza orodha mpya, wakubwa watafungua karatasi za 2028 waangalie nani alileta kura ngapi. Mbele ya jina lako hakutakuwa na hata namba moja. Ukisema "mimi ndiye niliyempatia Katuba", atasema asante mama, na mambo yataishia hapo.

Labda unajiuliza kwa nini hawakukuomba uwe mgombea kamili, na suplea awe huyo mzee. Hapa inabidi nikueleze jinsi kura zetu zinavyohesabiwa, maana nimeona wamama wengi wenye nguvu wanaangushwa na hesabu hii kuliko wanavyoangushwa na mila.

Pale penye viti vingi, kama mjini kwetu, mpiga kura anachagua mtu mmoja tu, lakini kura yake inahesabiwa kwanza kwa orodha nzima ya chama. Tuseme kura elfu 15 ndizo zinazoleta kiti kimoja, na orodha yenu ya watu kumi imepata kura elfu 30 kwa jumla. Mnapata viti viwili. Viti hivyo vinakwenda kwa wawili waliopata kura nyingi ndani ya orodha. Ukiwa wa tatu na kura zako elfu tano, hukupata kitu, ila elfu tano zako ndizo zimesaidia kumwingiza wa pili. Ndiyo sababu vyama vinapenda kuwa na majina mengi ya watu wanaopendwa kidogo kidogo: mwalimu mmoja, mchungaji mmoja, mama wa soko mmoja. Kila mmoja analeta maji yake, na mkubwa wa chama ndiye anayejaza pipa. Adui yako wa kwanza katika uchaguzi huu hayuko katika chama cha upinzani. Yuko kwenye orodha yako mwenyewe, na picha yake iko karibu na yako.

Ongeza juu yake kizingiti. Kwa depite wa taifa, chama au muungano wa vyama usiofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima hauingii katika kugawana viti, hata kama mgombea wake wa mahali fulani ameongoza kila mtu. Kwa depite wa jimbo kizingiti ni asilimia 3, na kwa konseye wa komine, yaani diwani wa sehemu moja ya mji kama Katuba, ni asilimia 10. Mtu anaweza kushinda mtaani akashindwa kwenye karatasi, na wapo wanaume na wanawake yaliyowakuta hayo.

Utaniuliza: na ule usawa wa wanaume na wanawake tunaousikia kila tarehe 8 Machi? Upo. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inalazimisha serikali kuusimamia, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikaeleza namna ya kuutekeleza. Ila sheria ya uchaguzi yenyewe ilisema orodha isiyo na wanawake haikataliwi kwa sababu hiyo. Ni sawa na kuandika mlangoni "wanawake karibuni" na kumwambia mlinzi asimzuie yeyote anayewafungia nje. Mwaka 2022 ndipo kilipoongezwa kitu chenye uzito kidogo: chama kinachoweka wanawake angalau nusu ya orodha yake mahali fulani kinasamehewa fedha ya dhamana mahali hapo. Ni jambo jema, lakini lifungulie jicho. Chama kinaweza kukutafuta kwa sababu ya kura zako, na kinaweza kukutafuta ili kisilipe dhamana. Tofauti utaiona haraka: uliza nani atalipa mabango yako. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023 wanawake walikuwa kama asilimia 13 tu ya bunge la taifa. Wenzetu Watanzania wana viti maalum vya wanawake bungeni. Rwanda, ambayo najua jina lake linatuchoma sisi Wakongomani kwa sababu nzito, ilitenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake katika Katiba yake ya 2003, na bungeni mwao wanawake wamezidi nusu. Sisi hatukutenga hata kimoja.

Sasa nije kwa shemeji zako.

Wanasema Mama Judith Suminwa alibebwa. Ni kweli kwamba tarehe 1 Aprili 2024 aliteuliwa na Rais, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, na hakupigiwa kura na wananchi kwa kazi hiyo. Lakini waulize shemeji zako ni Waziri Mkuu gani aliyepigiwa. Kifungu cha 78 cha Katiba kinasema Rais ndiye anayemteua, awe na suruali au kitenge. Mwaka 2019 aliteuliwa Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mwana wa Katanga, akitokea SNCC yetu ya treni. Mwaka 2021 akateuliwa Sama Lukonde, wa kwetu naye, akitokea Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Lubumbashi tulicheza ngoma. Sikumsikia mtu mmoja katika komine za Katuba, Kenya wala Ruashi akiuliza wamebebwa na nani. Suminwa kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mpango, na kabla ya huo uwaziri alifanya kazi na Umoja wa Mataifa katika maendeleo. Kwa karatasi za shule na za kazi hakuwa chini ya waliomtangulia.

Kubebwa, basi, ni kwa wote. Katika siasa zetu hakuna anayefika juu bila mgongo wa mtu, na katika vyama vyetu vingi orodha inatengenezwa sebuleni kwa otorite morale, yaani mkubwa wa chama, usiku, na wanaokaa pale hadi saa nane za usiku ni wanaume. Swali ninalotaka ujiulize wewe ni hili: huyo anayekubeba akikutua, au akianguka, mkononi mwako kunabaki nini chenye jina lako?

Angalia mambo yalivyokwenda kwa Jeanine Mabunda. Aprili 2019 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza bunge la taifa. Alikuwa amepita Benki Kuu, akaongoza mfuko wa kukuza viwanda, akawa waziri, akachaguliwa depite wa Bumba. Hiyo ni ngazi ndefu. Lakini kiti cha juu alikipata kwa nguvu za muungano wa Rais wa zamani Kabila, na muungano ulipovunjika, tarehe 10 Desemba 2020 alitolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Watu walisema wamemwonea kwa kuwa ni mwanamke. Sidhani. Mwezi uliofuata Ilunkamba naye aliangushwa, na yeye ni mwanaume wa miraba minne. Upepo ulikuwa mmoja. Kilichobaki kwa Mabunda ni udepite wake, kwa sababu huo aliupata kwa kura za Bumba na hakuna aliyeweza kuupigia kura Kinshasa ili umtoke.

Joyce Banda wa Malawi ananifundisha zaidi kuliko wote. Mwaka 2009 alichaguliwa Makamu wa Rais pamoja na Bingu wa Mutharika. Wakagombana, na Desemba 2010 chama kikamfukuza. Ila umakamu hakikuweza kumnyang'anya, kwa kuwa ulitoka kwa wapiga kura. Akaunda chama chake, akakaa na cheo chake huku wenzake wa zamani wakimtenga, na Rais alipofariki Aprili 2012 Katiba ikamweka yeye kitini, ingawa kulikuwa na wakubwa waliotaka iwe vingine. Mwaka 2014 alishindwa uchaguzi, akawa wa tatu, baada ya kashfa kubwa ya wizi serikalini wakati wa utawala wake. Hilo nalo usilifiche. Lakini ona alichoshika: nafasi ya pili iliyoandikwa katika sheria, yenye kura ndani yake.

Mama Samia vilevile. Watu wanakumbuka Machi 2021 tu, Magufuli alipofariki. Hawakumbuki kwamba alianza kazi mwaka 1977 akiwa karani huko Zanzibar, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalum, akawa waziri, kisha mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi kwa kura za kawaida na kushinda. Mwaka 2014 alikuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, mwaka 2015 mgombea mwenza. Kiti maalum kilimbeba, ndiyo, lakini alikitumia kufika kwenye kiti ambacho si maalum. Nikiwa nasema hayo, sitaki uondoke ukidhani mwanamke akipanda basi siasa inakuwa laini. Uchaguzi wa Oktoba 2025 kule ulifanyika wapinzani wakubwa wakiwa wamezuiwa, na damu ilimwagika. Madaraka yana tabia zake, na hayaangalii aliyeyavaa.

Na Mama Fifi Masuka, ambaye shemeji zako wanamtaja kwa kuwa Kolwezi ni jirani? Mwaka 2019 alichaguliwa Makamu wa Gavana wa Lualaba pamoja na Richard Muyej. Mwaka 2021 Muyej alipotoka katika uongozi, yeye akashika kwa muda, na mwaka 2024 madepite wa jimbo wakamchagua Gavana kamili. Umpende au usimpende, hiyo ni ngazi ya kisheria: makamu anachaguliwa pamoja na gavana na anakaa ofisini kila siku, anajua faili liko wapi. Usiulinganishe na usuplea wa pili, ambao hauna ofisi, hauna faili, hauna hata mwaliko wa kikao.

Kama shemeji zako watahamia kwenye mila, waambie waende Musumba, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, hapo Kapanga. Masimulizi ya Walunda yanasema aliyeachiwa bangili ya ufalme na baba yake alikuwa Ruwej, binti, na kaka zake walihama kwa hasira. Bangili ikaishia mikononi mwa mume wake, Chibind Yirung, mwindaji aliyetoka kwa Waluba, na ndipo orodha ya wafalme wanaume inapoanzia. Hata hivyo katika baraza la Walunda bado kuna Rukonkesh, mwanamke mwenye cheo chake. Mila zetu zinawajua wanawake wenye madaraka. Zinajua pia jinsi bangili inavyoazimwa bila kurudishwa. Aliyewafungia mama zetu kabisa ni utawala wa kigeni na karatasi zake. Mwaka 1960 walipiga kura wanaume tu. Sophie Kanza aliwekwa waziri mwaka 1966, mwanamke wa kwanza, wakati wanawake wa Kongo walikuwa hawajapiga kura bado. Hiyo ilikuja 1967, na haki ya kugombea 1970. Yaani tulikuwa na waziri mama kabla ya mpiga kura mama.

Tuache historia. Ninachokushauri ni hiki: chama kikikutaka kweli, kikupe nafasi ya mgombea mwenyewe kwenye ukonseye wa komine ya Katuba. Mwaka 2023 makonseye walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwemo, na watu wengi waliidharau kura hiyo kwa sababu macho yalikuwa kwa Rais na madepite. Kwako ni mahali pazuri kuliko pote. Wapiga kura ni wa Katuba peke yake, hutembei mpaka Kampemba kwa watu wasiokujua. Dhamana ni ndogo sana kuliko ya depite. Na kisheria makonseye ndio wanaochagua bugumestre, mkuu wa komine, kwa hiyo hata konseye mmoja anayejua kukataa bahasha ana thamani. Mambo ya baraza hilo ni yale unayoyapigania tayari: kodi ya meza sokoni, taka, mifereji inayofurika mvua ikianza, taa.

Kile kizingiti cha asilimia 10 ndicho kitakachokuchagulia chama. Chama kidogo chenye maneno matamu kuhusu wanawake, ambacho Katuba hakina watu, kitakuzamisha na kura zako zote. Bora chama kikubwa chenye wanaume wakorofi, kuliko kidogo chenye heshima. Najua ushauri huu haupendezi kwenye mikutano ya tarehe 8 Machi. Na kumbuka kifungu kilekile cha 110 kinasema depite anayekihama chama chake kwa hiari katikati ya muhula anahesabiwa ameacha kiti. Kitu kama hicho hakikuachii nafasi ya kujaribu chama kwanza.

Kuhusu mume wako kutokuwa na neno: ni baraka, mshukuru. Zamani kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya 1987 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Lakini watu wa chama bado watapita nyuma yako kwenda kumwuliza yeye, na wengine watamnong'oneza kwamba mikutano ya usiku si ya siasa. Watasema unalala na nani. Kila mwanamke mgombea ninayemjua amesemwa hivyo, wa kanisani na asiye wa kanisani. Mume asikie kwako kwanza, kabla kampeni haijaanza, na kwenye mikutano ya usiku nenda na mama mwenzako mmoja, yuleyule kila mara.

Siku ya kura, shahidi wa chama katika biro ya kupigia kura analinda kura za chama. Kama nilivyokuonyesha, mwenzako wa orodha anafaidika hata kura zako zikiandikwa kwa jina lake, na orodha haipotezi kitu, kwa hiyo shahidi wa chama hatapiga kelele. Dai tangu sasa kwamba baadhi ya mashahidi wa Katuba watoke sokoni kwako, vijana wanaojua kusoma hesabu na wenye simu inayopiga picha nzuri. PV, yaani karatasi rasmi ya matokeo, ikibandikwa nje ya biro, waipige picha hapohapo, yote, na sahihi zionekane. Malalamiko mahakamani bila PV ni maneno matupu.

Na jambo ambalo hukuliuliza, ila nalifikiria tangu niliposoma barua yako: likelemba ya shirika, ile fedha mnayochangiana kwa zamu. Chama kitakuomba "kuwasha mashine" kwa fedha yako kwanza, watarudisha baadaye. Usiiguse ile fedha, hata kwa siku mbili. Wamama wale walikuweka mbele kwa sababu kila zamu ililipwa siku yake, na kura zao utaziomba kwa hesabu hiyohiyo. Ukitaka mchango wao kwa kampeni, itisha mkutano, eleza, fungua daftari jingine, na mtunza fedha awe mtu mwingine.